Picha za Tingatinga kama biashara: maswali mnayouliza kila mara kuhusu mazoezi, simulizi na soko

Ukurasa huu ni wa mchoraji anayejifunza, wa yule aliyekwisha kujifunza lakini hauzi, na wa yule anayeuza kila siku lakini kwa bei inayomwacha palepale. Mifano mingi ni ya Dar es Salaam kwa sababu ndiko Tingatinga ilikozaliwa, ila anayechora Unguja, Arusha au Mombasa atazikuta shida zake humu. Soma swali linalokuhusu. Si lazima uanze juu.

Tingatinga ni nini hasa, na historia yake inanisaidia nini mimi ninayemtafuta mteja wa leo?

Ni jina la mtu kabla ya kuwa jina la picha hizi za wanyama wenye vidoti juu ya mandhari inayofifia, zilizopakwa rangi ya mafuta ya kung'aa. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru, kusini mwa Tanzania. Alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge Tanga, kisha akahamia Dar es Salaam, akaishi kwa vibarua na kazi za majumbani. Mwaka 1968 akaanza kuchora. Hakuwa na rangi za wasanii wala kitambaa maalumu. Alichukua bodi za dari, akazikata vipande vya mraba vya takriban sentimita 60 kwa 60, akapaka rangi ya mafuta iliyokuwa ikitumika kwenye baiskeli. Picha ziliuzwa nje ya Morogoro Stores, Oysterbay, mtaa waliokaa wageni na watu wenye vyeo, na mkewe Agatha alikuwa mmoja wa waliozisimamia zikauzwa. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakidhani ni mhalifu, akafa. Kazi yake yote ya uchoraji haikuzidi sana miaka minne.

Sasa itazame habari hiyo kwa jicho la biashara. Kipimo kilikuwa kimoja, kwa hiyo mnunuzi alijua anachopata na jinsi atakavyokibeba. Malighafi ilipatikana kwenye duka la kawaida la vifaa vya ujenzi. Mahali pa kuuzia palikuwa njiani mwa mtu mwenye pesa, wala hakungojewa mtu aje Msasani kutafuta uchochoro. Tena Edward aliwafundisha wenzake, wengi wao ndugu na watu wa kwao kusini: kina Ajaba Abdallah Mtalia, Simon Mpata, Kasper Tedo, Adeusi Mandu na January Linda. Alipoondoka ghafla, mkono ulikuwa umekwisha kuhamia kwa watu wengine. Waliofuata waliungana, na mwaka 1990 kikapatikana chama cha ushirika cha wachoraji wa Tingatinga, palepale Oysterbay.

Kuna la mwisho, na nadhani ndilo wachoraji wengi hawalitumii. Mtu akiisikia habari hiyo, ya kibarua, bodi ya dari na rangi ya baiskeli, haiangalii tena picha kwa macho yaleyale. Habari hiyo ni ya kweli, haimgharimu mchoraji senti, na ni ya kila aliyejifunza katika mnyororo huo wa mwalimu na mwanafunzi. Lakini ingia kwenye vibanda uulize picha imetoka wapi. Mara nyingi utajibiwa, "Hii ni Tingatinga, karibu, bei poa."

Sijasoma shule yoyote ya sanaa. Naweza kuanza?

Edward hakusoma sanaa, na wengi waliomfuata vilevile. Njia ya kawaida ni kukaa na fundi: unaanza kwa kuosha brashi na kupaka mandhari, unapewa sehemu ndogo za kujaza, mwisho unaachiwa picha nzima. Ukitaka darasa, Bagamoyo kuna chuo cha sanaa cha TaSUBa, na Mikocheni kuna Nafasi Art Space, ambako wasanii wa aina nyingi hukutana. Cheti hakijawahi kuuza picha ya chui. Ila ukipata nafasi ya kusoma, soma, kwa sababu utajifunza kueleza kazi yako mbele ya watu, na hilo linauza.

Nifanye mazoezi gani hasa? Nachora kila siku lakini sioni tofauti.

Kuchora kila siku kwa ajili ya kuuza ni kazi, bado si mazoezi. Anayechora twiga wa kuuza anarudia anachokiweza, kwa kuwa akikosea hasara ni yake. Mazoezi ni pale unapochora usichokiweza, kwenye kitu ambacho hakitauzwa. Tenga vipande vya bodi au mabaki ya kitambaa kwa kazi hiyo tu, upake rangi juu ya vya jana, urudie.

Anza na mstari. Rangi ya mafuta haikusamehi kama penseli: mkono ukitetemeka, mtetemeko unabaki. Chora mistari mirefu iliyopinda kwa pumzi moja, kutoka shingo ya twiga hadi mgongoni bila kuinua brashi, mpaka unene wa mstari ubaki vilevile mwanzo na mwisho. Siri kubwa imo kwenye rangi yenyewe. Ikiwa nzito, mstari unakatika. Ikizidi thina, unatiririka na kuchafua mandhari. Kila ukifungua kopo jipya, jaribu kwanza pembeni. Mafundi wazoefu hufanya hivyo bila hata kufikiri, ndiyo maana mwanafunzi hahisi kama amefundishwa.

Halafu chagua mnyama mmoja ukae naye muda mrefu. Kanga anafundisha vidoti: umbali kati ya kimoja na kingine, na jinsi vinavyopungua ukubwa kuelekea shingoni. Pundamilia anafundisha kwamba mistari inafuata mwili, haikupakwa juu yake kama rangi ya ukuta. Chui ni mgumu kuliko wanavyodhani wengi, maana doa lake lina katikati yake, na anayeharakisha humgeuza duma. Mzungu aliyetoka Serengeti jana atakugundua mara moja.

Mandhari nayo ina mazoezi yake. Ule mfifio wa rangi kutoka juu kwenda chini, bluu ikiingia nyeupe au njano ikiingia nyekundu, ndio unaoipa picha hewa, na lazima uumalize kabla rangi haijaanza kushika. Paka mandhari tupu, nyingi, bila mnyama. Zikauke, uzipange ukutani, uangalie ipi ina mabaka.

Na toka nje. Nenda soko la samaki la Feri asubuhi na daftari. Mchore mama anayekaanga, kijana anayebeba tenga, paka anayengoja utumbo. Hata kama hutachora watu kamwe, mkono uliozoea kitu kinachosogea huchora ndege anayeonekana anaweza kuruka. Anayenakili picha za wenzake tu huishia na wanyama waliokufa wakiwa wamesimama.

Mwalimu wangu ananitaka ninakili picha zake. Huu si wizi?

Ukinakili chini ya mwalimu, kwa ruhusa yake, ili upate mkono, hapana. Tingatinga yote imepita njia hiyo. Wizi unaanza unapoweka saini yako kwenye utungo wa mtu mwingine na kuuuza kama wako, na unakuwa mbaya zaidi ukiweka saini ya marehemu. Picha za bandia zenye saini ya Edward Tingatinga zimesumbua soko kwa miaka mingi, na kila moja inamfanya mnunuzi makini aogope hata picha halali.

Upande wa pili nao usemwe. Wapo waalimu wanaowachoresha wanafunzi picha nzima, wao wakaweka saini. Ukiwa umekubali hivyo kwa malipo yanayoeleweka, ni mkataba wenu. Ila usikae humo ukadhani unajenga jina. Jina linalojengwa ni lile lililoandikwa pembeni ya picha.

Itachukua muda gani mpaka niishi kwa uchoraji?

Inategemea unaishi wapi, unamlisha nani na mkono wako una wepesi gani. Usiache kazi nyingine mpaka picha ziwe zimelipa kodi ya chumba hata kwenye miezi mibaya, si ile mizuri tu.

Vifaa gani vinatosha kuanzia?

Kitambaa cha pamba kilichokazwa kwenye fremu ya mbao, rangi ya mafuta ya kung'aa katika makopo madogo (nyekundu, njano, bluu, nyeusi, nyeupe, mengine changanya mwenyewe), thina, matambara, na brashi tatu: pana, ya kati na nyembamba sana. Usibane pesa kwenye brashi nyembamba. Bana kwenye idadi ya rangi.

Kazini fungua madirisha. Harufu ya thina si mapambo ya usanii, ni sumu, na wachoraji wengi hufanya kazi kwenye vyumba vidogo ambamo watoto wanalala. Makopo yafungwe, matambara yenye thina yakae mbali na jiko.

Bodi bado ina wapenzi wake, hasa wakusanyaji wanaotaka picha inayofanana na zile za mwanzo. Lakini ni nzito, na anayepanda ndege huipima kwa macho kabla hajauliza bei. Kitambaa kilishinda kwa sababu kinakunjika.

Kila kibanda kina twiga mmoja, machweo yaleyale. Nitapataje mtindo wangu?

Hutaupata kwa kukaa ukiuwaza. Unakuja kutokana na kitu unachokijua kuliko wenzako, kikikutana na mkono uliokwisha kuiva. Mohamed Charinda alitoka Nakapanya, kusini kulekule, akawa msimuliaji kwa brashi: hadithi za mapokeo, historia, vituko vya kijijini, watu wengi kwenye picha moja, kila mmoja na shughuli yake. David Mzuguno alijaza picha kwa ndege na majani mpaka jicho likakosa pa kupumzika, na ndicho watu walichompendea. George Lilanga, Mmakonde aliyefanya kazi Nyumba ya Sanaa ya Dar es Salaam, aliwatoa mashetani wa uchongaji wa Kimakonde kwenye mbao akawapa rangi na ucheshi, wakasambaa duniani. Hakuwa mchoraji wa Tingatinga kwa maana ya chama, ingawa wauzaji humweka humo. Mpata naye alikwenda Kenya, na leo ipo hoteli ya watalii Maasai Mara yenye jina lake.

Kila mmoja wao alikuwa na chake kabla ya brashi. Wewe umekulia wapi? Kama baba yako alikuwa utingo wa lori la Songea, unajua barabara ambayo hakuna mchoraji mwingine wa Oysterbay anayeijua. Kama ulikulia Kilwa, kuna samaki unaowatofautisha kwa mapezi. Anzia hapo, halafu badilisha kitu kimoja tu kwenye picha unazouza tayari. Mteja akinunua hicho kilichobadilika, ongeza.

Mnasema "simulizi". Mimi ni mchoraji, si mwandishi. Kwani kizuri hakijiuzi?

Methali inasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kijijini, penye fundi mmoja wa mikeka, ni kweli kabisa. Kwenye mstari wa vibanda vyenye mamia ya picha zinazofanana kwa mbali, kizuri kinaning'inia bila kuonwa, na mnunuzi ambaye hajui kupima mkono anapima kitu pekee anachokielewa: bei. Simulizi inampa kipimo kingine.

Nayo si hotuba. Ni majibu ya mambo ambayo mtu aliyesimama mbele ya picha anataka kuyajua, ila anaona haya kuuliza: hawa ni nani, wanafanya nini, wewe umeijuaje habari hii, na kwa nini umeichora hivi badala ya vile. Sentensi tatu zinatosha. Chukua mfano huu wa maandishi ya nyuma ya picha, aina inayoonekana kila mahali: "Picha nzuri ya asili ya Kiafrika, imechorwa kwa mkono, inaleta furaha nyumbani." Haisemi lolote. Ingeweza kubandikwa nyuma ya bakuli.

Sasa chukua huu, niliouunda kwa kuonyesha tu: "Kanga wanakunywa maji kwenye mto unaokaribia kukauka. Bibi yangu alisema kanga hateremki mtoni peke yake, ndiyo maana hakuna hata mmoja niliyemweka pembeni. Kila kidoti nimekiweka kwa ncha ya brashi, rangi ya chini ikiwa imekauka." Mnunuzi amepata mahali, amempata bibi, amepata sababu ya jinsi ndege walivyopangwa, na amefundishwa kuangalia vidoti. Akifika nyumbani ataisimulia kwa wageni wake, na hao wageni ndio wateja usiowalipia tangazo.

Angalia pia kwamba simulizi hiyo isingewezekana kama mkono haujaiva. Ukisema kila kidoti kimewekwa kwa uangalifu huku vidoti vimeungana kama uji, umejishtaki mwenyewe. Ndiyo sababu tunaanza na mazoezi: maneno yanaelekeza jicho kwenye kazi, na kazi lazima iwepo pale jicho linapofika.

Fanya mazoezi ya kusimulia pia. Simama mbele ya picha yako, mweleze mtu wa nyumbani asiyejali sanaa. Pale anapoanza kuangalia simu, kata. Pale anapouliza "Enhe, ikawaje?", panua.

Watalii wanataka mizimu, Wamasai na siri za kale. Niwatungie?

Usiwatungie. Kama kwenu kuna hadithi za mashetani na unazijua, zichore na useme umezisikia kwa nani. Kama hujui, usijifanye mganga. Mnunuzi wa leo ana simu: hadithi ya "kabila lililoabudu twiga" ataitafuta akiwa bado amesimama mbele yako. Tena ni dharau kwa Wamasai kuwageuza nembo ya kila kitu, wakati mchoraji mwenyewe ni Mmakua mwenye hadithi za sungura na fisi ambazo hajawahi kuzichora.

Ukweli mdogo unatosha. "Hii niliichora wiki ya mvua kubwa, umeme ulikatika, nikamaliza kwa taa ya simu" ni simulizi nzuri, ilimradi iwe ilitokea.

Kiingereza changu ni cha kuokoteza. Nifanyeje?

Iandike simulizi kwa Kiswahili kwanza, vizuri, kisha mtafute mtu akutafsirie, uichape kwenye kadi ndogo iende na picha. Acha Kiswahili kibaki juu. Wageni wengi hufurahi kuona lugha ya mchoraji mwenyewe, na Mtanzania anayenunua hahisi kwamba duka si lake. Wajapani wamekuwa wapenzi wakubwa wa Tingatinga kwa miaka mingi, kwa hiyo ukimpata mtu wa kukuandikia Kijapani sahihi, kadi hiyo ni mtaji.

Nipange bei vipi? Nikitaja kubwa wanaondoka, nikitaja ndogo najuta.

Bei inapangwa nyumbani, kwa karatasi, kabla mteja hajaonekana. Tuseme, kwa mfano tu, kitambaa na fremu ni shilingi 12,000, rangi 6,000, brashi na thina 2,000. Umekaa siku mbili, na umeamua siku yako ni 20,000, hiyo ni 40,000. Sehemu ya pango, umeme na bando, 5,000. Jumla 65,000. Chini ya hapo unamlipa mteja ili achukue picha.

Hiyo ni sakafu, bado si bei. Duka au hoteli ikichukua theluthi, picha lazima iandikwe kama 100,000 ili wewe ubaki na 66,000 na kidogo. Na hapa wengi huharibu: wanaiweka dukani kwa 100,000, kisha wanaiuza kibandani kwa 65,000. Mwenye duka akijua, na atajua, anazirudisha zote. Bei iwe moja popote. Ile tofauti unayoipata ukiuza mwenyewe ni malipo ya kukaa juani na kujibu ujumbe usiku wa manane.

Kupatana ni sehemu ya soko letu, sina ugomvi nako. Ila weka kikomo, na badala ya kushusha pesa toa kitu: kadi ya simulizi iliyoandikwa jina lake, au picha ndogo ukimwuzia mbili kubwa. Mteja akisema "mwenzako anauza nusu ya hiyo", usimseme vibaya mwenzako. Mwonyeshe vidoti.

Kuwa na ngazi za vipimo pia. Ndogo ya kubeba mkononi inalipia chakula chako, kubwa inajenga jina. Asiye na ndogo hula vibaya, na asiye na kubwa haandikwi popote.

Dalali ananibana. Anachukua picha kwa mkopo, analeta pesa nusu nusu.

Dalali mzuri ni mtu wa maana: anawajua wateja usiowajua. Tatizo ni kumpa mzigo bila maandishi. Daftari moja linatosha: tarehe, picha (na namba uliyoiandika nyuma), bei mliyokubaliana, siku ya kulipa au kurudisha, saini zenu wote wawili. Piga picha ukurasa huo kwa simu mbele yake. Asiyetaka kusaini amekwisha kukujibu.

Namba ya nyuma ina faida nyingine. Miaka kumi ijayo mtu akileta picha akiuliza kama ni yako, utafungua daftari.

Mtandaoni niweke nini? Nimeweka picha nyingi Instagram, napata "likes" bila wateja.

Ukiweka picha zilizomalizika tu, umeweka orodha ya bidhaa. Weka kazi inavyozaliwa: mandhari tupu, mstari wa kwanza, mkono ukiweka vidoti, hata picha iliyoharibika ukiifuta. Video fupi ya brashi nyembamba ikizunguka jicho la bundi watu huiangalia mpaka mwisho. Sauti iwe yako, kwa Kiswahili, ukieleza jambo moja.

Halafu mambo ya kawaida yanayosahaulika: kipimo kwa sentimita, bei au namna ya kuiuliza, mji ulipo, namba ya WhatsApp, na kama unatuma mikoani. Piga picha mchana kivulini, kwa sababu rangi ya mafuta inang'aa na taa ya ndani huacha doa jeupe katikati. Mteja akiuliza jambo, jibu siku hiyohiyo hata kama jibu ni "kesho nitakupimia". Na usimwambie "njoo inboksi" aliyeuliza bei hadharani. Anaondoka, na waliosoma wanaondoka naye.

Nimekuta picha yangu imechapishwa kwenye fulana za duka fulani. Nina haki?

Unayo. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya nchi, ndiyo yenye kuisimamia. Haki inazaliwa pale unapoiumba kazi, lakini ukiwa na kumbukumbu, yaani picha yenye tarehe, daftari, usajili COSOTA, mazungumzo yanakuwa mafupi. Kumbuka pia kwamba aliyenunua picha amenunua kitu cha kutundika. Hajanunua haki ya kukichapisha kwenye vikombe. Akitaka hiyo, ni mkataba mwingine na pesa nyingine.

Kisichokuwa chako ni mtindo. Wanyama wenye vidoti juu ya mandhari inayofifia ni mali ya wote. Mtu akichora chui wake kwa namna hiyo hajakuibia. Akichukua chui wako, na mkia ule ule, na mwezi ule ule, hapo ndipo pa kuongea.

Lazima nisajili biashara?

Ukitaka kuuzia hoteli, taasisi au ofisi, ndiyo: watadai TIN, yaani namba ya mlipakodi ya TRA (mamlaka ya mapato), na risiti. Jina la biashara husajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, na shughuli za sanaa zina taratibu zake BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa. Ukiwa ndani ya ushirika au kikundi, sehemu ya mzigo huo inabebwa pamoja. Uliza ada za sasa kwenye ofisi zenyewe, usimwulize aliyesajili zamani.

Watalii wakiondoka, naishije?

Miezi ya masika, Machi hadi Mei, vibanda hulala. Na mwaka 2020 korona ilionyesha kinachotokea wageni wakikosekana kabisa. Anayemtegemea mtalii peke yake ameshikilia tawi moja.

Mteja wa nyumbani yupo, ila hanunui twiga. Ametoka kuwaona kwenye mabango. Ananunua kinachomgusa: mtaa wao wa Kariakoo, mama lishe, daladala yenye maneno ya nyuma, harusi ya dada yake. Shule za chekechea hutaka kuta zenye wanyama. Migahawa hutaka ukuta mmoja ambao watu watapigia picha. Maonesho ya Sabasaba kila Julai hukusanya Watanzania wenye pesa mfukoni na muda wa kuzunguka. Hapo simulizi inabadilika pia: Mtanzania humwelezi daladala ni nini, unamchekesha kwa konda unayemjua.

Masika pia ndiyo msimu wa mazoezi. Rangi inachelewa kukauka kwa unyevu, kwa hiyo fanya kazi ndogo nyingi kwa zamu, na jaribu zile tungo ulizoogopa kuzijaribu Julai.

Mteja yuko Denmark, amelipa. Natumaje bila kuharibu?

Usitume picha mbichi. Rangi ya mafuta huonekana kavu kwa nje huku ndani bado inanata, kwa hiyo ipe wiki kadhaa, na ugusishe kidole pembeni kwenye rangi nene. Ing'oe kwenye fremu taratibu, ilaze juu ya karatasi laini isiyoacha alama, iviringishe upande wenye rangi ukiwa nje, mzunguko uwe mpana. Ukiuviringisha ndani, rangi inajibana na kupasuka wakati wa kukunjua. Funga karatasi tena, kisha nailoni kwa ajili ya mvua, kisha bomba gumu la plastiki la fundi bomba lililozibwa pande zote mbili.

EMS ya Posta ina namba ya kufuatilia; mtumie mteja namba hiyo siku ileile pamoja na picha ya risiti. Kwenye fomu andika thamani ya kweli. Ndani ya bomba weka kadi ya simulizi na maelezo mafupi ya jinsi ya kuikaza upya kwenye fremu: aiache ilale bapa siku moja au mbili kwanza, ndipo aanze kupiga pini, akianzia katikati ya kila upande na kumalizia pembeni.